Tembe, krimu au dripu? Kuchagua njia ya kutumia asikloviri

Nairobi tuna imani kubwa na sindano. Mtu akitoka kliniki bila kudungwa huhisi hajatibiwa, na wenye kliniki wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana mwenye malengelenge mdomoni au sehemu za siri, au mwenye mkanda wa jeshi ubavuni, hulisogelea dirisha la duka la dawa, akatazama nyuma kama kuna anayemjua, kisha akanong'ona: “Daktari, hizi tembe zinachelewa. Hakuna ya kudunga?”

Ipo. Dawa ni ileile, asikloviri, ambayo kwenye boksi utaiona imeandikwa aciclovir au acyclovir. Lakini ile ya kudunga si tembe iliyoongezwa makali. Ni dawa ya wadi, inayoingia mshipani polepole kwa dripu, kila baada ya saa 8, huku figo zikichungwa. Kinachoamua nani aipate ni mahali virusi vilipo na hali ya kinga ya mgonjwa. Ukubwa wa maumivu hauamui, na haraka ya kurudi kazini haiamui. Mwenye malengelenge ya kawaida hafaidiki na dripu, na mwenye virusi ubongoni haokolewi na tembe.

Kwanza tuziweke njia zote pamoja, ikiwemo valasikloviri, tembe inayogeuka kuwa asikloviri ikishaingia mwilini.

| | Krimu ya asilimia 5 | Tembe za asikloviri | Tembe za valasikloviri | Dripu ya asikloviri |
|---|---|---|---|---|
| Dawa inayofika damuni | karibu hakuna | asilimia 10 hadi 30 ya uliyomeza | zaidi kidogo ya nusu | yote |
| Mara ngapi kwa siku | 5 | 2 hadi 5 | 1 hadi 3 | 3, kila dozi saa nzima |
| Inatumikia wapi | nyumbani | nyumbani | nyumbani | wadini |
| Kasoro kubwa | faida ndogo | dozi nyingi, rahisi kusahau | bei | figo, mshipa, gharama ya kulazwa |

Mstari wa kwanza ndio unaowachanganya watu. Wakisikia kwamba tembe hupotea tumboni kwa zaidi ya theluthi mbili, huona wanadanganywa. Hawadanganywi, kwa sababu dozi ya tembe ilipangwa upotevu huo ukiwa umeshahesabiwa. Kinachofika damuni kinatosha kabisa kwa ngozi, midomo na sehemu za siri. Halafu dawa hii ina tabia ya pekee: ikiwa ndani ya mwili inakaa tu bila kufanya kazi mpaka ikutane na kimeng'enya cha virusi vyenyewe, nacho ndicho kinachoiwasha. Ni kama mwizi anayejifunga pingu kwa mikono yake mwenyewe. Seli zisizo na virusi huguswa kidogo sana, na hii ndiyo sababu dawa imedumu sokoni tangu miaka ya 1980. Gertrude Elion, aliyeongoza kazi iliyoizaa, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988 pamoja na George Hitchings na James Black.

Hakuna hata moja kati ya njia hizi inayong'oa virusi. Herpesi, yaani virusi vya malengelenge haya, hujificha kwenye mizizi ya neva, na dawa huzima kuzaliana kwake tu. Kliniki ikikuahidi kwamba sindano “itaisafisha damu” isirudi tena, hifadhi pesa zako.

Krimu haihitaji maneno mengi. Kidonda cha mdomoni ukikipaka mara 5 kwa siku tangu kinapoanza kuwasha, utaokoa labda nusu siku. Ukichelewa mpaka kipasuke, umenunua mafuta ya midomo ya bei ghali. Kwa sehemu za siri krimu siipendekezi kabisa, kwa sababu inaacha virusi vya ndani vikiendelea na kazi yao.

Tembe kwa tembe

Hapa ndipo wateja wengi wanapopaswa kuchagulia, na hapa ndipo pesa inapozungumza.

Chukua mkanda wa jeshi. Dozi ya mtu mzima mwenye figo nzima ni miligramu 800 mara 5 kwa siku, kwa siku 7. Ukiuziwa tembe za miligramu 200, kila mara unameza 4, yaani 20 kwa siku na 140 kwa wiki. Na ratiba yake si mchezo: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Makanga wa matatu anayeanza kazi alfajiri ataweza kweli dozi ya saa nane mchana? Wengi huniambia wameweza, lakini nikiuliza zimebaki ngapi hesabu inakataa. Valasikloviri kwa ugonjwa huohuo ni gramu 1 mara 3 kwa siku, kwa siku 7. Kwa tembe za miligramu 500 hizo ni 6 kwa siku. Boksi lake kwa kawaida lina bei ya juu, lakini kwa mkanda wa jeshi naona tofauti hiyo inajilipa, hasa kwa mzee ambaye tayari ana tembe zake za presha na sukari. Iwe hii au ile, ianze ndani ya saa 72 tangu upele utokeze. Siku ya tatu ukiwa bado unajipaka dawa ya kienyeji, umeitupa nafasi yako bora.

Kwa malengelenge ya sehemu za siri yanayotoka mara ya kwanza, mizani inageuka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unakubali asikloviri ya miligramu 400 mara 3 kwa siku kwa siku 10, au valasikloviri ya miligramu 500 mara 2 kwa siku kwa siku 10. Mara 3 kwa siku ni asubuhi, mchana na usiku, kitu ambacho karibu kila mtu anakiweza. Hapa ningenunua ya bei nafuu bila wasiwasi. Yakirudi baadaye, kozi huwa fupi, na kwa wanaosumbuliwa mara kwa mara kuna dozi ndogo ya kila siku ya kuyazuia. Hiyo panga na daktari, usijipangie.

Kijana chini ya miaka 50 akipata mkanda wa jeshi, apimwe pia virusi vya Ukimwi. Simhukumu mtu. Ni kwamba wakati mwingine mkanda ndio dalili ya kwanza ya virusi hivyo kuonekana, na majibu yake yanaweza kubadilisha uchaguzi wote wa dawa.

Anayestahili dripu

Orodha ni fupi kuliko watu wanavyodhani.

Wa kwanza ni mwenye dalili za ubongo: homa, kichwa kinachouma vibaya, kuweweseka, tabia iliyobadilika ghafla, degedege. Virusi vya herpesi vikiingia ubongoni na visitibiwe, karibu wagonjwa 7 kati ya 10 hufa. Dawa ikianza mapema idadi hiyo hushuka sana. Mgonjwa wa namna hii hapelekwi dukani wala kliniki ya mtaani. Anapelekwa kitengo cha dharura cha hospitali kubwa, iwe Kenyatta, Mama Lucy au nyingine yenye wadi na maabara, na dawa inaanzishwa kabla majibu ya maji ya uti wa mgongo hayajarudi. Jirani atasema amerogwa, shangazi atataka maombi kwanza. Maombi yafanyike ndani ya teksi.

Wa pili ni mtoto mchanga. Mama akipata malengelenge ya sehemu za siri kwa mara ya kwanza mwishoni mwa ujauzito, mtoto anaweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa, na dalili hutokea katika wiki zake za mwanzo: hanyonyi, amelegea, ana joto au baridi isiyoeleweka, wakati mwingine vipele vyenye maji, wakati mwingine hana hata kimoja. Kwa hiyo mama mjamzito, ukiwa na historia hii, mwambie mkunga kliniki, tena mapema. Asikloviri hutumika katika ujauzito, na mama anayenyonyesha pia huweza kuitumia.

Wa tatu ni mwenye kinga iliyodhoofika sana, kwa mfano aliye kwenye dawa za saratani, aliyepandikizwa figo, au mwenye virusi vya Ukimwi ambaye kinga yake imeporomoka, akiwa na vidonda vinavyosambaa au mkanda wa jeshi uliovuka mpaka wa neva moja na kutapakaa mwilini. Mjumuishe pia mtu mzima, hasa mjamzito, ambaye tetekuwanga imemshuka mapafuni, na yule asiyeweza kumeza kabisa.

Jicho ni habari ya pekee. Jicho jekundu lenye maumivu na mwanga unaoudhi, hasa kukiwa na malengelenge puani au kwenye kope, linamhitaji daktari wa macho siku hiyohiyo. Usikubali matone ya steroidi kutoka dukani. Kama chanzo ni herpesi, matone hayo yakitumika peke yake yanaweza kuchimba kidonda cha jicho mpaka uone giza.

Jinsi dripu inavyotolewa salama

Kwa wanaostahili, tuangalie kinachotenganisha dozi salama na dozi ya hatari. Ndugu aliyekaa kando ya kitanda anaweza kuyaona mengi kati ya haya kwa macho yake.

Kichupa huwa na unga, miligramu 250 au 500. Muuguzi anauyeyusha kwa maji safi ya sindano, kisha anauongeza kwenye mfuko wa maji ya chumvi. Haudungwi moja kwa moja mshipani kwa bomba, haudungwi kwenye msuli, haudungwi chini ya ngozi. Ukiambiwa upande kitanda cha kliniki udungwe asikloviri kwenye tako, vaa viatu uondoke. Mmumunyo huu ni alikali kali, pH yake karibu 11, na ukivuja nje ya mshipa unaunguza nyama.

Mchanganyiko nao usiwe mzito. Kipimo kinachofuatwa sana ni miligramu 5 za dawa kwa kila mililita 1 ya maji, isizidi. Hebu tufanye hesabu ya mtu wa kilo 60 mwenye maambukizi ya ubongo. Dozi ni miligramu 10 kwa kila kilo, kwa hiyo 600 kila baada ya saa 8. Mfuko wa mililita 100 unabeba hadi miligramu 500 tu, kwa hiyo 600 haziingii. Unahitajika mfuko wa pili au mfuko mkubwa zaidi. Kwa mtu mnene sana daktari hupiga hesabu kwa uzito unaolingana na urefu wake, asimpe dozi kupita kiasi.

Kisha mwendo: si chini ya saa 1. Dawa ikimiminwa kwa dakika 10, inafika kwenye figo kwa wingi isioweza kuyeyuka kwenye mkojo, inaganda kuwa chembe kama za fuwele, na mirija ya figo inaziba. Madhara haya mara nyingi huonekana ndani ya siku 1 au 2 za mwanzo, na wengi hupona yakigunduliwa mapema. Kwa mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita, mfuko wa mililita 100 unatakiwa udondoke karibu matone 33 kwa dakika. Ukiona unatiririka kama bomba la mvua, usiguse mwenyewe kigurudumu cha kurekebisha mwendo kilicho kwenye mpira, mwite muuguzi. Wadi ikiwa imejaa, gurudumu husogezwa mgonjwa anapogeuzwa na hakuna anayejua.

Maji ni nusu ya tiba. Mgonjwa awe na maji mwilini ya kutosha, kwa kunywa au kwa dripu nyingine, na mkojo upimwe. Mkojo ukipungua ghafla, sema. Mkono ukivimba, ukiwa mwekundu au ukiwaka moto pale ilipo kanula, yaani kijibomba kilichochomekwa mshipani, sema wakati huo huo, dawa isimamishwe na mshipa mwingine utafutwe.

Kuna dalili moja yenye utata ambayo ningependa kila ndugu aijue. Dawa ikirundikana kwa mtu mwenye figo dhaifu inaweza kumfanya atetemeke, achanganyikiwe, aone watu wasiokuwepo, alale usingizi mzito. Sasa huyu alilazwa kwa sababu ya kuchanganyikiwa. Utajuaje kama ni ugonjwa au dawa? Wewe hutajua, lakini ukimweleza daktari kwamba “juzi alianza kunitambua, leo amerudi nyuma na mikono inatetemeka”, umempa kitu ambacho faili halina.

Figo na dawa nyingine

Kipimo cha kreatinini, yaani cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kifanywe mwanzoni na kirudiwe wakati wa matibabu. Kwa figo nzima, nusu ya dawa hutoka damuni ndani ya saa 2 na nusu hadi 3. Kwa asiye na figo zinazofanya kazi, inachukua karibu saa 20. Ndiyo maana dozi ya kila saa 8 hugeuzwa kuwa ya kila saa 12 au 24, na wakati mwingine kupunguzwa nusu. Tembe nazo haziko nje ya hili. Mzee wa miaka 75 akipewa valasikloviri dozi kamili ya mkanda wa jeshi bila kuulizwa habari za figo anaweza kuishia wadini akiongea na marehemu ndugu zake.

Takwimu hizohizo zinaonyesha kwa nini ile huduma ya “dripu moja halafu uende nyumbani” ni hasara. Kwa mtu mwenye figo nzima, kufikia kesho yake asubuhi dawa hiyo karibu haimo tena mwilini. Umelipia kanula, mfuko na kitanda kwa saa chache za tiba, wakati tembe za siku 10 zingekuponya kidonda.

Dawa zinazobana figo pamoja na asikloviri ni zile tunazozitumia kila siku: diklofenaki, ambayo hapa mjini hudungwa kwa kila maumivu, ibuprofeni, jentamaisini, na tenofoviri iliyomo kwenye tembe ya kawaida ya ARV. Usiache ARV. Mwambie tu daktari unazitumia, ili figo zipimwe mara nyingi zaidi. Watoto wachanga hupewa jentamaisini mara kwa mara wakishukiwa kuwa na maambukizi ya damu, kwa hiyo wakiongezewa asikloviri, kupima mkojo na figo ni jambo la kila siku. Dozi yao pia ni kubwa kwa uzito: miligramu 20 kwa kila kilo kila baada ya saa 8, yaani miligramu 60 kwa mtoto wa kilo 3, kwa siku 14 kama ugonjwa uko kwenye ngozi, macho au mdomo tu, na siku 21 kama umeingia ubongoni au umesambaa.

Ukitumwa kununua vichupa

Hospitali ikiishiwa, ndugu anapewa karatasi aende mjini. Hapo ulinganisho wa bei hufanywa vibaya. Mgonjwa wetu wa miligramu 600 anahitaji vichupa 3 vya 250 kwa dozi moja, yaani 9 kwa siku. Vya 500 anahitaji 2, yaani 6 kwa siku. Kwa siku 14 ni 126 dhidi ya 84. Kwa hiyo linganisha bei ya 9 na bei ya 6, si ya kimoja kwa kimoja. Usinunue vya siku 14 kwa mara moja, dozi inaweza kubadilishwa majibu ya figo yakirudi. Nunua kwenye duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyobandikwa ukutani, omba risiti, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi na uhakikishe unga ni mkavu.

Kilichoyeyushwa hakiwekwi kwenye friji. Baridi huifanya dawa igande. Ukiona mfuko una ukungu au chembe, kabla au wakati wa kudondoka, usitumike. Na kichupa kilichobaki nusu kisihifadhiwe kwa ajili ya mgonjwa wa kitanda cha pili, hata kama mnafahamiana.

Kutoka dripu kwenda tembe

Hili ndilo swali la mwisho, na huulizwa bili inapoanza kutisha: je, hatuwezi kumalizia nyumbani? Kwa mwenye kinga dhaifu aliyelazwa kwa vidonda au mkanda wa jeshi, mara nyingi inawezekana. Vipele vipya vikikoma na akaweza kumeza, daktari humbadilishia tembe akamalizie kwake. Valasikloviri hupendwa hapo kwa sababu inafika damuni vizuri zaidi.

Kwa maambukizi ya ubongo, jibu ni hapana. Tembe hazifikishi kiwango kile cha miligramu 10 kwa kilo, na ugonjwa ukikatizwa tiba unaweza kurudi. Siku ya tano mgonjwa huwa ameanza kuomba uji na kuuliza nani anamwangalizia duka lake, na familia inaanza kuulizia karatasi za kuruhusiwa. Bado ana siku 9 za dripu kwa uchache, na nyingine hufika 21. Kinachofaa kufanywa siku hiyo ni kwenda ofisi ya malipo kuuliza kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali, na mpango wa kulipa kwa awamu, huku dozi ya saa nane mchana ikidondoka kama kawaida.